Somo Baada ya Mapumziko

Jumatatu, 3 Machi

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, na hasa kwa wasiohusika, kwamba mimi, kinyozi wa mtaa, mwenye kipara cha heshima na tumbo la wastani, leo nimenunua kalamu mbili na daftari hili, na kesho narudi shule. Hakuna bendera iliyopandishwa. Mke wangu aliponiona nikijaribu kalamu kwenye kiganja alisema tu nisije nikachokonolea nayo sikio.

Sababu ni sabuni. Mke wangu anatengeneza sabuni hapa uani, miche ya kufulia na vipande vya kuogea, na mtaa mzima unanukia kazi yake. Sasa wakubwa wametoa amri: kila anayetengeneza sabuni ya kuuza afanye mtihani wa misingi ya kemia mwisho wa mvua hizi, na asiyefaulu asiuze. Chuo cha ufundi kimefungua darasa la jioni, Jumanne na Alhamisi, nafasi moja kwa kila karakana. Mtihani ni wake yeye. Darasani nakwenda mimi. Saa za darasa ndizo saa wenye maduka wanapokuja kuchukua mzigo, na hathubutu kuniachia wateja. Mara ya mwisho niliwapa nyongeza wote wenye watoto wachanga, na siku hiyo ikaonekana mtaa mzima una watoto wachanga.

Basi tumepatana. Mimi nitakuwa masikio, yeye kichwa. Nitajaza kule, nitamimina huku.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu ni binti ambaye huenda nilimnyoa akiwa mchanga. Mabenchi ni ya watoto. Magoti yangu yalikuwa karibu na masikio.

Akaanza na elementi na kampaundi. Akauliza, je, chumvi ni ipi kati ya hizo? Nikainua mkono nikajibu kwamba chumvi ni kiungo. Darasa zima likacheka, na mwalimu akasema kwa upole kwamba kwa upande wa jikoni nimepata.

Nyumbani nikamkuta mke wangu anakata miche kwa waya. Nikamweleza kwa lugha ya kazi yangu: elementi ni mtu peke yake, mchanganyiko ni watu waliokaa benchi moja wakisubiri kunyolewa, kampaundi ni ndoa.

"Ndoa kivipi?"

"Huwezi kuwatenganisha kwa kuwachuja."

Akasema anazijua ndoa ambazo kuchuja hakuhitajiki, ukitikisa tu zinaachana. Kisha akarudia somo lote, mwanzo hadi mwisho, vizuri kuliko nilivyolisema mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Atomu. Ndogo sana. Mvua kubwa. Viatu vimelowa.

Jumanne, 11 Machi

Mke wangu alinipa swali nilipeleke darasani kama mtu anavyopewa kikapu. Kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, inaunguza, alisema, hata sufuria ya alumini inaila. Lakini ukishaichanganya na mafuta ikakaa, sabuni ile ile inamwogesha mtoto mchanga. Ule ukali unakwenda wapi?

Nikaliuliza. Mwalimu akaweka chaki chini na kulitazama darasa kama mtu aliyeletewa zawadi. Akasema hilo ndilo swali la kemia yote: hakuna kilichokwenda popote, vitu viwili vimeungana, kila kimoja kikaacha tabia yake ya zamani, na kimezaliwa cha tatu. Akanisifu mbele ya watu. Akasema mzee huyu anafikiri.

Mzee huyu akatabasamu na kuinamisha kichwa. Sikusema swali lilitoka kwa nani. Nilikusudia kusema, kisha nikaona limeshapita.

Alhamisi, 13 Machi

Asidi na besi. Somo tamu kuliko yote. Asidi ni ile yenye uchachu, kama ndimu na siki. Besi ni ndugu zake kostiki, zenye utelezi. Ukizikutanisha kwa kipimo zinabatilishana, unabaki na chumvi na maji. Mwalimu alituonyesha kwenye chupa: tone moja moja, rangi ya waridi ikafifia ikapotea kabisa. Watu wazima tulipiga makofi.

Wakati wa mapumziko mvua ikakatika, hewa ikawa nzuri. Mlinzi wa chuo ana ubao wa drafti na kete za vizibo vya chupa. Nilikaa mchezo mmoja. Kengele ilipolia nikasema nitaingia sasa hivi, na hilo "sasa hivi" likaendelea mpaka wenzangu wakatoka na madaftari yao. Si kitu. Kiini cha somo ninacho.

Nimemmwagia mke wangu lote. Ile ya rangi kupotea ilimfurahisha mno. Akasimama na mwiko mkononi akafikiri, kisha akauliza, "Sasa kostiki ikinirukia mwilini?"

Nikajibu papo hapo. Kinyozi akiulizwa hasemi sijui, wateja watahama. "Siki," nikasema. "Mwagia siki. Zinabatilishana zenyewe."

Ijumaa, 14 Machi

Mke wangu amenunua chupa kubwa ya siki. Ameiweka kwenye kibao kando ya pipa la kuchanganyia. Pale palikuwa pakikaa ndoo yake ya maji safi na kata. Ameihamishia jikoni kupata nafasi. Ameniita Profesa mara nne leo.

Jumanne, 18 Machi

Moli, eti kipimo cha kuhesabia atomu. Sikuelewa. Nilimweleza hivyo hivyo bila kuelewa, na yeye akaelewa.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Nimenyoa watu wawili, mmoja alikuwa na kipara kikubwa kuliko changu.

Jumatano, 26 Machi

Nikiacha kuandika leo nitaandika kesho kitu kingine.

Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa cha mwenye duka la vipuri, upande wa kulia mweupe, wa kushoto msitu, jirani yetu akaingia akisema nikimbie nyumbani. Sikuuliza. Niliondoka na mashine mkononi, waya unaburuta matopeni.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, mkono wa kulia ameunyoosha juu ya paja, umeungua kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Alikuwa ametulia. Hilo ndilo linalonirudia, ule utulivu. Alikuwa akimimina kostiki kwenye maji, mfuko ukateleza, ikamrukia. Chupa ya siki ilikuwa tupu miguuni pake.

"Usihangaike," akaniambia. Jasho lilikuwa linamtoka usoni, meno yamekazana, na bado alijaribu kunitabasamia. "Nimeshamwagia siki, nimefanya kama mlivyosoma. Nasubiri zibatilishane."

Alikuwa amekaa pale akisubiri. Jirani alitaka kumletea maji, akamkataza, eti asije akaharibu.

Nilimbeba mpaka barabarani, na mimi si mtu wa kubeba. Kule zahanati, muuguzi mmoja mnene mwenye miwani akamtia mkono chini ya bomba akamshikilia pale, akaongea huku maji yanatiririka. Nani kawaambia siki? Ukikutanisha asidi na besi juu ya ngozi unaongeza joto, na wakati unahangaika na chupa ile kostiki inazidi kuzama. Maji. Maji mengi, tangu dakika ile ile, mpaka uchoke, na ukichoka uendelee. Kama ungeanza na maji pale pale, akasema, ungerudi nyumbani na wekundu tu.

Nilifungua mdomo. Mke wangu akaniwahi.

"Ni mimi," akamwambia muuguzi. "Mume wangu ndiye anayesoma, alinieleza vizuri. Mimi nilichanganya. Shule niliiacha mapema, kichwa changu kizito."

Muuguzi akanitazama juu ya miwani. Nikafunga mdomo.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza mkono wa mwenzangu, na kichwa changu kipo palepale juu ya shingo, kizima.

Alhamisi, 27 Machi

Nilikwenda darasani kwa sababu alinisukuma niende. Habari zilikuwa zimefika kabla yangu. Mama mmoja anayetengeneza sabuni ya mafuta ya nazi, anayekaa benchi la mbele, alishangaa kwa sauti: mbona hili la maji tuliambiwa? Tena liliandikwa ubaoni kwa herufi kubwa, siku ile ya asidi, baada ya mapumziko.

Mwalimu akaniuliza, bila ubaya wowote. "Ulikuwepo, mzee?"

"Nilikuwepo," nikasema. "Nilimweleza. Alisahau."

Imetoka laini kama wembe mpya. Darasa likasikitika. Mtu wa nyuma akasema ndiyo hatari ya wanawake kutengeneza vitu bila kusoma, na wengine wakacheka kidogo, cheko la pole. Mwalimu hakucheka. Akaandika tena ubaoni: MAJI KWANZA. Nilinakili na wengine, kwa mwandiko mzuri.

Ijumaa, 28 Machi

Nimefua, nimepika uji, nimemchana nywele. Anasema sijawahi kuwa mume mwema namna hii. Ningependa asiseme.

Jumatatu, 31 Machi

Kidonda kimefunguliwa. Sitaandika kilivyo. Vidole vitatu vinakunjika, viwili vinakataa.

Mwenye duka la vipuri alikuja kumaliziwa kichwa. Alikuwa ametembea na kofia siku zote hizo. Hakudai chochote, akauliza tu hali ya mama. Nilimnyoa kwa makini kana kwamba ni yeye aliyeungua.

Jumamosi, 5 Aprili

Mwalimu amekuja kumjulia hali, na machungwa kwenye mfuko. Nilitaka kumpokea mlangoni na kumalizana naye mlangoni, lakini mke wangu alishamwita ndani.

Yule binti akakaa kitandani kabisa, akamshika mkono ulio mzima. Akamwambia asijilaumu, watu waliokaa darasani wanasahau, sembuse aliyesimuliwa. "Mzee alituambia alikueleza yale ya maji yakakuponyoka," akasema. "Si ajabu, mama. Ukiwa na maumivu akili inakimbia."

Mke wangu akageuka kunitazama. Hakutazama kwa hasira. Alikuwa anatafuta, kama mtu anayepapasa gizani kitu anachoamini alikiweka hapo. Alikuwa akitafuta siku niliyomwambia maji.

Kisha akashusha macho. "Ndiyo," akasema polepole. "Itakuwa aliniambia."

Sasa ameamini. Kabla ya leo alikuwa ananifichia kwa watu. Leo ameingia mwenyewe ndani ya uongo wangu akakaa.

Mwalimu akamkumbusha kwamba majina ya mtihani yanafungwa Alhamisi. Mke wangu akasema jina lake lisiandikwe. Mtu anayeambiwa maji akasikia siki hafai kushika kostiki, akasema. Siku nyingine atamuunguza mtoto wa mtu. Mwalimu akabembeleza. Mimi nikamenya chungwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimejaribu kutengeneza sabuni mwenyewe ili wateja wasihame. Nilivaa glavu, miwani, koti la mvua na sufuria kichwani, ndoo mbili za maji pembeni. Imetoka kitu ambacho si sabuni na si mafuta, kinatetemeka ukikipita. Mke wangu alikuja kukitazama, akakigusa kwa kidole cha kushoto. Zamani angenicheka mpaka jioni. Alisema tu, "Wewe utajifunza. Una kichwa." Akarudi ndani.

Jumatano, 9 Aprili

Shemeji, dada yake mkubwa, alikuja asubuhi na mkokoteni. Mke wangu amempa fremu zake za mbao za kumiminia sabuni, waya wa kukatia, mizani, kila kitu. Shemeji aliuliza mara mbili kama ana hakika. Alisema ana hakika, vitu visioze bure, na yeye atatafuta kazi isiyohitaji kichwa, labda kuuza mitumba.

Fremu zile alizipiga misumari mwenyewe. Shemeji akazipakia moja moja, na nilimsaidia. Nilibeba fremu mbili mpaka mkokotenini. Ya tatu sikuweza. Niliishika pale mlangoni, na shemeji akaniambia, "Shemeji, unapita au unaziba?"

Nikamwomba asubiri nje kidogo.

Niliingia nikakaa sakafuni, kwa sababu nilijua nikikaa kwenye kiti nitaanza kujipanga. Nikamwambia sikuwahi kumweleza habari ya maji. Nikamwambia kwamba sikuyasikia, kwa sababu baada ya mapumziko sikurudi ndani, nilibaki nje na mlinzi nacheza drafti. Siki niliitunga. Na darasani, nilipoulizwa, nilisema yeye alisahau.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilidhani hakusikia, nikaanza kurudia.

"Nimesikia," akasema. "Mimi huwa nasikia. Si ndiyo hilo unaloniambia?"

Alikuwa anaukunja ule mkono, vidole vitatu, anaukunjua.

"Huu mkono ningekusamehe leo leo," akasema. "Umekosea, watu wanakosea. Lakini umeniona nimekaa humu ndani siku zote hizi najiita mjinga, na wewe unanikoroga uji. Nimegawa vitu vyangu. Umenibebea mpaka mkokotenini."



Nikasema nitakwenda kwa shemeji nimweleze. Akasema shemeji atamweleza yeye mwenyewe, na fremu zirudi ndani kabla hazijalowa. Halafu akasema, "Kesho utakwenda kusema palepale uliposema. Na mimi nitakuwepo nisikie."

Alhamisi, 10 Aprili

Nayaandika kama yalivyokuwa, bila kuyachana nywele.

Tulikwenda wote wawili. Shemeji alibaki uani kupokea wenye maduka. Aliniaga kwa kuniita "bwana wewe", na tangu nioe sijawahi kuitwa hivyo naye. Njiani mke wangu alitangulia hatua chache mbele, mwavuli akiwa nao yeye.

Darasani alikaa benchi la mbele, kando ya yule mama wa mafuta ya nazi, ambaye alisogea na kumpa nafasi ya kuweka mkono. Nilimwomba mwalimu ruhusa. Nilisimama pale penye chaki. Nilikuwa nimeandaa mwanzo mzuri, wenye utani kidogo wa kulainisha watu, na nilipowatazama nikaona utani ule ni koti jingine la mvua. Nikauacha.

Nikasema siku ya asidi na besi nilikuwepo nusu ya somo. Nusu ya pili sikuwepo. Nilimfundisha mke wangu kile nilichokisikia, na nisichokisikia nikakijaza mwenyewe. Alifanya kama nilivyomfundisha, bila kukosea hata kidogo. Aliungua kwa sababu ana usikivu, wala si kwa kusahau. Nilipoulizwa hapa mbele yenu nilidanganya. Na lile swali la ukali wa kostiki unakwenda wapi, mlilonisifia, lilikuwa lake.

Hakuna aliyecheka. Yule mtu wa nyuma alikuwa anatazama viatu vyake. Mwalimu alivuta pumzi, akaniambia nikae. Sikujua nikae wapi, nikakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni.

Kisha akatoa karatasi ya majina na kumwuliza mke wangu kama aandike. Mke wangu akasema ataandika mwenyewe, lakini kwanza anaomba asomeshwe lile somo la baada ya mapumziko, lote, na mtu aliyelisoma kweli.

Mwalimu akafuta ubao. Akalisomesha upya, kwa mtu mmoja, na darasa zima likalisikiliza mara ya pili. Mimi ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza. Ni somo fupi. Maji kwanza, mengi, mara moja, na kwa nini: kubatilishana kunatoa joto, na ngozi si chupa. Mtu anaweza kulimaliza katika muda wa kunyoa ndevu. Mke wangu aliuliza maswali mawili. La pili mwalimu alisema atakwenda kulitafutia jibu. Halafu mke wangu akaandika jina lake kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizoinama, akachukua muda wake, na watu wakasubiri.

Kengele ya mapumziko ikalia. Wenzangu wakatoka. Mlinzi akachungulia mlangoni, ubao wa drafti kwapani, akaona sura zetu akajiondokea.

Mke wangu alikuwa bado amekaa. Tangu jana hajanisemesha ila kwa mambo ya lazima.

"Siku ile," akasema bila kugeuka, "ulishinda?"

Ningeweza kusema nilishindwa. Ingepunguza kidogo.

"Nilishinda," nikasema. "Mara mbili."